STAA KATUA TABORA, KAONA UWANJA TU!

Wadau, kuna staa mmoja, jina kapuni, katua Tabora kapiga picha uwanjani, eti wanaolalamikia upanuzi wana wivu. Dada, tuliza mshono! Anayetoa shamba lake kupisha ndege, Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Huo wivu uko wapi?

Halafu wangapi hapa tunapanda ndege? Sisi watu wa treni tangu Mjerumani afikishe reli 1912. SGR ilianza kubeba abiria 2024, mwisho wao Dodoma. Mkataba wa Makutupora–Tabora ulisainiwa 2021, bado tunahesabu miaka. Babu zetu walibeba pembe begani mpaka Bagamoyo, sisi tunabebeshwa subira.

Mnasemaje wadau? Tiririka hapo chini.