Mtoto mpole kupita kiasi

Kwenye mabenchi ya kliniki ya mama na mtoto kuna sifa moja inayotolewa kwa wingi: "Mwanao mpole, hasumbui kabisa." Mama mwenye mtoto wa namna hiyo huondoka kifua mbele. Yule ambaye wake analia, anavuta kanga za watu na kutupa kadi chini, huomba radhi kwa kila aliyekaa karibu naye.

Mara nyingi upole ni tabia tu ya mtoto na hakuna la kuhofia. Lakini yupo mwingine anayeitwa mpole kwa sababu amenyamaza. Hatazami uso wa anayemnyonyesha. Ukimchezea hatabasamu. Akiumia hamtafuti mtu. Huyo hasumbui kweli, na ndiyo maana hakuna anayemwona. Wiki hii namzungumzia yeye.

Ukitaja afya ya akili, wengi wetu tunawaza Mirembe, Dodoma. Tunawaza watu wazima. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3 jambo lenyewe ni la kawaida zaidi: ajisikie salama kwa mtu fulani, aweze kuonyesha furaha, hofu na hasira yake, akilia atulizwe atulie, kisha apate ujasiri wa kutambaa kwenda kuona kuna nini nyuma ya mlango. Uwezo huu anaujenga kwa kujibiwa. Analia, anabebwa. Anatoa sauti, mtu anamrudishia. Mara mia kwa siku.

Mwaka 1975 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tronick, alieleza jaribio ambalo mpaka leo linafundishwa vyuoni. Mama anacheza na mtoto wake wa miezi michache, kisha anaambiwa amtazame bila kusema wala kubadilisha uso. Mtoto anaanza kumwita. Anatabasamu, anapiga kelele, anarusha mikono. Asipojibiwa anageuza uso, ananyong'onyea, wengine wanalia. Ni dakika chache tu, na mama akirudi kucheza mtoto hurejea taratibu. Swali ni inakuwaje uso huo usiojibu ukikaa hivyo wiki baada ya wiki. (Najua mnasoma haya kwenye simu. Kwa mtoto, uso ulioinamia simu nao haujibu. Maliza makala, kisha iweke chini kidogo.)

Uso wa mama haukauki bure. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu asilimia 20 ya wanawake waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Hiyo ni kama mama mmoja kati ya watano kwenye lile benchi. Fikiria aliyejifungua wakati wa baridi na manyunyu ya Tukuyu, mume yuko machimboni Chunya, naye karudi kuchuma chai au kubeba ndizi kwenda sokoni mtoto akiwa mgongoni. Chakula hakina ladha. Halali hata mtoto anapolala. Anamnyonyesha akitazama ukuta. Nyumbani anaambiwa mvivu, au kwamba ujana bado unamsumbua, au kuna mtu kamtupia jambo.

Kliniki uzito wa mtoto umekwama, na mama anapewa somo la lishe. Somo ni zuri, ila Rungwe hatukosi chakula. Tuna ndizi, viazi, maharage, maziwa, na parachichi zetu zinapanda ndege na meli. Hata hivyo mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, inayolisha nchi, kwa miaka mingi imetajwa miongoni mwa yenye udumavu mkubwa. Sababu ni nyingi, zikiwemo maradhi na usafi wa maji. Lakini mtoto mdogo halishwi na bakuli. Anahitaji mtu wa kukaa naye, kumsemesha, kumsubiri ameze, na mtu huyo awe na nguvu ya kufanya hivyo. Ndiyo maana naona mama mwenye sonona akiandikiwa uji wa lishe peke yake amepewa nusu ya tiba.

Serikali inalijua hili. Desemba 2021 ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ile inayofupishwa MMMAM, kwa watoto hadi miaka 8. Inasema mtoto anahitaji mambo matano kwa pamoja: afya bora, lishe, malezi yenye mwitikio, kujifunza mapema, na ulinzi na usalama. Mwitikio ndio huo wa kujibiwa. Kwenye karatasi tuko vizuri. Shida ni kwamba kliniki ina foleni, na kipimo kinachoonekana ni mzani. Hakuna mzani wa tabasamu.

Kwa hiyo, mzazi, usisubiri kuulizwa. Kadi ikishajazwa, sema mwenyewe. Kufikia miezi 3 mtoto awe anatabasamu akitabasamiwa. Miezi 9 ageuke akiitwa jina. Kwenye mwaka 1 awe anapunga mkono au kunyoosha mikono abebwe. Mwaka na nusu awe na maneno machache, na miaka 2 aunganishe mawili, kama "mama maji." Akichelewa kidogo si msiba, watoto hawafanani, na wakati mwingine tatizo ni masikio tu. Lakini aliyekuwa akisema neno na sasa halisemi, au aliyekuwa akicheza na sasa kajikunyata, huyo apelekwe wiki hiyohiyo. Ule usemi kwamba wa kiume huchelewa kuongea umewaweka watoto wengi nyumbani hadi siku ya kuandikishwa shule.

Na kuna pengo tunalolitengeneza wenyewe. Chanjo ya pili ya surua na rubela hutolewa miezi 18. Baada ya hapo wazazi wengi hawaonekani tena, ingawa kliniki inapaswa kuendelea hadi miaka 5. Lugha, michezo na hasira za mtoto huonekana vizuri zaidi katika miaka hiyohiyo tunayokaa nyumbani.

Akina baba, hili si la mama peke yake. Ukiona mkeo amebadilika tangu ajifungue, mpeleke, tena ingia naye chumbani kwa daktari, maana mgonjwa wa sonona mara nyingi husema "sijambo." Mbebe mtoto jioni. Bibi wa mtoto akiweza kuja akakaa mwezi mmoja, alipiwe nauli.

Pa kuanzia ni zahanati au mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijijini kwenu. Wakiona inafaa watawaandikia rufaa kwenda hospitali ya wilaya pale Makandana, na yakizidi, Mbeya. Kuna pia afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ambaye wengi wanamjua kwa kesi za ndoa na matunzo tu. Kazi yake chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009 ni pana kuliko hiyo. Unaweza kumwendea mtoto anapopigwa, anapoachwa peke yake kutwa nzima, au familia inapoelemewa. Maafisa hawa ni wachache, kwa hiyo ukiambiwa urudi kesho, rudi.

Kama hujui pa kwenda, piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure, usiku na mchana, na mtu mzima anaweza kupiga kwa niaba ya mtoto. Taja umri wake, mnakoishi, na ulichokiona, hata kama ni hilo tu kwamba amekuwa mpole mno.