Unalalia Mito Mingapi?

Leo tunaweka mkasi chini, kwa sababu kuna jambo limetukaa rohoni tangu Ramadhani iliyopita na tunaona tukilinyamazia tutakuwa tumemdhulumu mtu.

Dukani kwetu tupo wanawake wanne, kila mmoja na charahani yake. Mwenzetu mmoja, ana miaka 41, tulimpima gauni la Idd katikati ya Shaaban. Mwisho wa Ramadhani alipolijaribu halikufunga. Tukafungua daftari la vipimo: kiuno kimeongezeka inchi tatu, na huyu mtu kafunga mwezi mzima, futari anakula vijiko viwili anasema ameshiba. Tukacheka. "Shoga, unafuturu wapi wewe mbona hutuambii?" Naye akacheka, huku anahema. Tukalifumua ubavuni, tukaongeza kitambaa, tukaona yamekwisha.

Kumbe ni maji. Moyo wake ulikuwa umechoka na maji yanajaa mwilini, miguuni kwanza kisha tumboni, na sisi tunaoshika futi ya kupimia kila siku tulikuwa wa kwanza kuyaona bila ya kuyajua.

Msidhani alikaa tu nyumbani. Kituo cha afya alikwenda mara tatu. Mara ya kwanza alisema anakohoa usiku, akapewa dawa ya kikohozi. Mara ya pili akaambiwa ni nimonia, akapewa vidonge. Mara ya tatu alilalamika tumbo kujaa, akapewa dawa ya vidonda vya tumbo. Presha alipimwa mara moja, akaambiwa imepanda kidogo, apunguze mawazo. Hakuna aliyemuuliza analala vipi. Baada ya Idd alizidiwa usiku, akapelekwa hospitali kubwa, akapigwa picha ya moyo, ndipo ikajulikana. Alhamdulillah yuko hai, anatumia dawa, anashona nusu siku. Lakini daktari alisema maneno tusiyoyasahau: angefika miezi miwili nyuma, moyo usingedhoofika kiasi hiki.

Sisi si madaktari. Tumesoma skuli, tukasoma ushoni, basi. Ila tumeuliza, tumesikiliza, na maoni yetu ni kuwa maradhi haya yanaweza kushukiwa mapema pale pale kituoni mtaani, bila ya mashine kubwa, kama muuguzi atauliza na sisi tutasema.

Moyo kushindwa kufanya kazi si moyo kusimama. Ni kama pampu ya kisima iliyochoka: inazunguka, lakini maji hayapandi tangini vizuri. Damu haisukumwi ipasavyo, na maji yanarudi nyuma yanatuama kwenye mapafu, miguu na tumbo. Watu wetu wanaita "moyo mkubwa" na wanadhani ni maradhi ya wazee. Sivyo. Utafiti wa wagonjwa wa aina hii pale Muhimbili, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta wastani wa umri wao ni miaka 55 tu, wanawake ni nusu yao, na sababu iliyoongoza ni presha. Yaani ile ile presha tunayoambiwa imepanda kidogo. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, tena si siku moja tu, hiyo si ya kupunguza mawazo. Ni ya kufuatiliwa.

Sasa tunachokiomba vituoni ni kitu gani? Kwanza maswali. Unalalia mito mingapi? Mwenzetu alikuwa analalia mitatu, akilala chali anahisi anazama. Unaamka usiku unatafuta pumzi? Alikuwa akiamka, anakaa dirishani. Ukipanda ngazi unasimama katikati? Viatu vyako vya mwezi uliopita vinaingia? Na kwetu sisi Waislamu kuna swali jengine zuri: ukirukuu na kusujudu pumzi zinakubana? Kwa sababu wenye maradhi haya wengine kuinama tu kunawakata pumzi. Mwenzetu alianza kusalia kwenye kiti tangu Rajabu. Sisi tukadhani ni magoti.

Pili, mikono. Bonyeza mguu juu ya kifundo kwa kidole gumba, uachie. Shimo likibaki, kuna maji. Mpande mtu kwenye mizani na uandike: uzito ukiongezeka zaidi ya kilo 2 kwa siku tatu, chakula hakinenepeshi hivyo. Mpime presha kila mtu mzima, hata kama kaja na jino. Kidole gumba, mizani na mashine ya presha. Hayo ndiyo tunayoyataka. Na mgonjwa akirudi mara ya tatu na kikohozi kile kile, asipewe chupa ya tatu, aandikiwe rufaa.

Tunajua watatujibu kuwa foleni ni ndefu na muuguzi ni mmoja. Ni kweli, na tunawahurumia. Tunajua pia kuwa Uingereza daktari wa mtaani anaagiza kipimo cha damu kinachoonyesha kama moyo umeelemewa. Kikija kwetu kila kituo tutashukuru, lakini tusikae tukakingoja. Kuuliza habari ya mito ni nusu dakika. Kuchelewa ndiko kunakokula muda na fedha: boti ya kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kule Dar es Salaam, mtu wa kumsindikiza, pa kufikia. Na kama mgonjwa yuko Pemba, kuna safari mbili za bahari.

Lakini haki ni haki, lawama si ya kituo peke yake. Buibui letu ni stara na heshima yetu, ila linaficha miguu iliyovimba mpaka kwa muuguzi. Ukifika chumba cha daktari usingoje kuombwa. Pandisha pindo, mwambie, "Niangalie miguu." Stara haikuwekwa ituue. Kutibiwa ni katika mafunzo ya Mtume wetu (SAW), na kutawakali kunakuja baada ya kufanya sababu, si kabla. Dua endelea nayo, kisomo endelea nacho, na kituoni nenda.

Tuna neno maalumu kwa wenye mzazi ndani. Kuna aina ya moyo kuchoka inayompata mwanamke mwishoni mwa mimba au ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua, hata kama hajawahi kuumwa moyo. Hapa ndipo tunapopotea, kwa sababu kuvimba miguu tunaita kawaida ya uzazi, kuchoka tunaita arobaini, kuhema tunasema amepigwa na baridi. Tunamkanda, tunampa supu na maji ya moto, na yeye hawezi kulala chali. Mzazi anayeketi usiku kucha kwa kukosa pumzi hana baridi. Mpelekeni hospitali usiku huo huo, arobaini itamsubiri.

Na mafundi wenzetu, mgongo unatuuma sote. Vile vidonge vya diklofenaki tunavyonunua dukani kama peremende vinashikilia maji mwilini na kupandisha presha, na moyo uliochoka vinauelemea zaidi. Mwenzetu alikuwa akivimeza kila wiki. Chumvi nayo ni hivyo hivyo. Ng'onda, papa na achari tuvipunguze. Na aliyekwisha kuanzishiwa dawa za moyo asiziache kwa sababu ya funga bila ya kuzungumza na daktari wake.

Siku hizi daftari letu la vipimo lina kazi ya pili. Mteja akizidi kiuno kwa wiki chache na huku anahema, hatucheki tena. Tunamvuta pembeni, kwa adabu, tunamuuliza, "Dada, unalalia mito mingapi?" Wawili wamekwenda kupimwa. Mmoja hana kitu, alhamdulillah, kanenepa kwa raha zake. Wa pili alikutwa na presha ya juu, ameanza dawa mapema.

Leo usiku muulize mama yako. Muulize wifi yako aliyejifungua. Na ukienda kituoni wiki hii kwa lolote lile, usitoke hujapimwa presha.

Gauni la mwenzetu tumelipunguza tena, limemkaa sawa. Mwenyezi Mungu ampe afya, yeye na wagonjwa wetu wote. Amin.