Sarafina anaimba, na binti yako anatazama

Kuna kina dada wanaoniambia hawaziwezi filamu za kuimba. Eti mtu yuko barabarani, ghafla anaanza wimbo na wote wanaitikia, wapi umeona? Mimi nimeona. Msibani mama mmoja anaanzisha pambio huku anaosha masufuria, na kabla hajamaliza ubeti uwanja mzima umeshaitikia. Kwenye kicheni pati ndiyo usiseme. Kwetu wimbo haungoji jukwaa, na ndiyo maana naona mchezo wa kuimba ukigeuzwa filamu unatukaa vizuri kuliko wengine.

Chukueni Sarafina! Wengi tunaijua kama filamu ya mwaka 1992, lakini kwanza ulikuwa mchezo wa jukwaani wa Mbongeni Ngema, na muziki wake alishirikiana na Hugh Masekela. Ulifunguliwa Market Theatre, Johannesburg, mwaka 1987, na mwaka uliofuata ulikuwa Broadway, New York. Sasa nani wa hapa Bulyaga angelipa nauli ya kufika huko? Tukuyu hatuna jumba la michezo, tuna mvua. Nyie wa Unguja angalau mna Ngome Kongwe, mnatandika khanga mnatazama filamu za ZIFF chini ya nyota. Sisi Sarafina alitufikia kwa kanda za video, leo kwa simu.

Wapo wanaosema filamu inaua utamu wa jukwaa. Kweli, kuna kinachopotea: huwezi kumwitikia mwimbaji akakusikia. Lakini tazama tunachopata. Mimi ni fundi cherehani, naangalia nguo kwanza. Nguo ya jukwaani inashonwa ionekane na aliyekaa kiti cha nyuma; kwenye filamu kamera inasogea mpaka unauona mshono wa sare ya shule, na jasho la aliyeivaa. Leleti Khumalo alicheza Sarafina jukwaani na akaicheza tena kwenye filamu. Jukwaani wa nyuma waliisikia sauti yake. Kwenye filamu hata wa nyuma anauona uso wa msichana anayeogopa na bado anaimba.

Na wale wanaosema ni mambo ya kidunia, mle ndani wanafunzi wanaimba sala, ile ya Baba Yetu, kwa nguvu na kwa mwili mzima. Sijaona dhihaka pale. Nimeona watoto wasio na silaha nyingine. (Whoopi Goldberg anacheza mwalimu wao. Mwaka huohuo alitoka pia kama sista wa uongo kwenye Sister Act, ambayo yenyewe ilikwenda kinyume: ilianza filamu, ikaja kuwa mchezo wa jukwaani.)

Ila sitawaficha, filamu hii ina mateso ya gerezani na mtu anachomwa moto. Usimwachie binti simu akatazame peke yake chumbani. Kaa naye. Ana mengi ya kuuliza, na majibu mengine yako hapa nchini. Siku ya Mtoto wa Afrika tunayoandamisha watoto kila 16 Juni inatokana na wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976, na ndio wanaozungumzwa mle. Vijana waliokimbia baada ya hapo wengine walisoma Mazimbu, Morogoro, kwenye shule ya ANC iliyopewa jina la Solomon Mahlangu. Shule hiyo ilikabidhiwa serikali yetu mwaka 1992, mwaka uleule filamu ilipotoka. Mtoto wa Tanzania akidhani habari za Sarafina ni za mbali, mwonyeshe Mazimbu kwenye ramani.

Halafu kuna mama yake Sarafina, anayechezwa na Miriam Makeba, yule aliyeimba Malaika. Ni mfanyakazi wa ndani kwa Wazungu, na binti anamwona mnyonge, anataka mashujaa wenye majina makubwa. Anapotoka gerezani anakwenda kwa huyo mama, na sasa anamwona kwa macho mengine. Wenye mabinti wa sekondari wanaoona aibu kusema mama anauza vitumbua au anashona viraka, itafuteni kabla ya Juni. Wa darasa la tatu asubiri kwanza.