Ati "Sisi Waafrika Hatutupi Wazee"? Acheni Hizo

Tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa. Kila mtu akitaja kituo cha kutunza wazee mchana, komenti ni zile zile: "Hayo ni mambo ya wazungu. Sisi Waafrika tunatunza wetu."

Sisi nani? Wewe uko Pipeline, unatuma elfu moja mwisho wa mwezi, na Krismasi unapiga selfi na susu. Anayemtunza ni mwanamke mmoja huko ocha, na huyo hakuna mtu alimuuliza kama anaweza.

Kwetu ni Makueni, so hii naijua. Mama alikuwa akiuza mboga sokoni. Susu alipoanza kupotea njia na kuuliza swali moja mara ishirini, mama aliacha biashara. Hakuna aliyemfuta, hakuna anayemlipa. Na hiyo ndiyo nyumba yenye bahati. Kuna boma ambako mtu mzima lazima atoke akatafute maji ama kibarua, kwa hivyo mzee anafungiwa ndani hadi jioni. Si ati wanamchukia. Wanaogopa atatoka aishie barabarani. Lakini kufuli ni kufuli, hata ukiiita utamaduni.

Na tukiongea utamaduni, tuongee wote. Mkamba alikuwa na thome, pale nje ya boma wazee waliketi pamoja. Mzee akianza kusahau, macho kumi yalikuwa yanamwangalia. Kulikuwa na mwethya pia: kazi ikizidi nyumba moja, kijiji kinaingia. Hakuna mahali mila ilisema mtu mmoja abebe mzee peke yake saa ishirini na nne. Kituo cha mchana ni thome yenye paa, uji na mtu wa kupima presha. Mzee anafika asubuhi, anaongea na marika wake, anasuka kiondo ama anatoa mbaazi kwa maganda, jioni anarudi kwake. Huyo ametupwa wapi?

Upande mwingine wa kunyamaza kwetu ni mbaya zaidi. Watafiti wa mradi wa STRiDE waliofanya kazi Makueni walikuta watu wanaochukulia demensia kuwa uzee tu, na wengine wanaoihusisha na uchawi. Usicheke. Oktoba 2021, kule Marani, Kisii, akina mama wanne wazee waliuawa na umati kwa madai ya uchawi. Sasa fikiria susu anayeongea peke yake usiku na kuingia boma la jirani akidhani ni kwake. Mahali watu hawajui huu ni ugonjwa, kusahau kunaweza kukuua.

"Lakini serikali inawapa pesa." Sawa. Tangu 2018, Inua Jamii iliwafungulia mlango wazee wote wa miaka 70 na zaidi: shilingi 2,000 kwa mwezi. Gawanya kwa siku 30. Ni kama 66. Hiyo inanunua unga kidogo. Hainunui mtu wa kukaa na mzee ili binti yake aende sokoni.

Na msiniambie haiwezekani huku kwetu. Kitui kuna Nyumbani Village, iliyoanzishwa 2006 kwenye ekari kama 1,000 na Padri Angelo D'Agostino. Pale mayatima wa ukimwi waliwekwa nyumba moja na babu na bibi waliofiwa na watoto wao. Mzee akapata familia, mtoto akapata mlezi. Makueni nayo ilianza MakueniCare mwaka wa 2016: familia ilikuwa inalipa 500 kwa mwaka, na wa miaka 65 kwenda juu walikuwa wanatibiwa bure. Kaunti hizi mbili zimewahi kufikiria mbele ya nchi nzima. Basi zifikirie tena.

Soma Katiba. Kifungu cha 57 kinasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa familia yake NA serikali. Hiyo "na" haikuwekwa kwa urembo. Halafu fungua Jedwali la Nne uone kazi za kaunti: elimu ya chekechea imo, vituo vya kulea watoto vimo. Mtoto wa miaka minne anatengewa mahali pa kwenda asubuhi ili mamake afanye kazi. Susu wa miaka themanini, anayehitaji uangalizi ule ule, anatengewa kufuli.

Hata sitaki jengo jipya, maana najua tenda zetu. Kumbi za makanisa zinakaa tupu Jumatatu hadi Ijumaa. Madarasa ya chekechea mengi yanafungwa mchana. Wahudumu wa afya wa jamii, wale 100,000 waliopewa vifaa mwaka wa 2023, tayari wanajua nyumba gani ina mzee. Anzeni na siku mbili kwa wiki, wadi moja. Lipeni wahudumu, uji, na boda ya kuwaleta walio mbali. Mama akipata siku mbili tu, anarudi sokoni siku mbili.

Wasee, hapa ndipo tunaingia. Kila mwaka kaunti inatengeneza bajeti na sheria inailazimisha iwaulize wananchi. Kwa mikutano hiyo, wanaume wanaomba barabara, vijana hatuendi, na anayetunza mzee hawezi kufika kwa sababu, surprise, anatunza mzee. Nenda umsemee. Uliza MCA wako mbele ya watu: ni shilingi ngapi mwaka huu za kutunza wazee mchana? Akisema sufuri, iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

Na kama huwezi hata hilo, basi angalau komenti ya "sisi tunatunza wetu" waachie wanaotunza.