Kumkalisha mzee si kumheshimu

Miongoni mwa misemo tuliyoirithi na ambayo twaitumia bila kuitafakari ni ule usemao kwamba ajali haina kinga. Mzee akiteleza bafuni, akijikwaa kizingitini au akianguka njiani kuelekea msalani usiku, majirani hukusanyika wakatoa pole, wakatikisa vichwa na kuutamka msemo huo. Kisha kila mtu hurejea kwake akiwa ameridhika kwamba lililotokea lilikuwa limeandikwa. Leo naomba kuupinga msemo huo, angalau kuhusu wazee wetu. Kuanguka kwao kuna kinga, kinga yenyewe yajulikana, na mara nyingi ni sisi watoto wao tunaowanyima, tena kwa nia njema kabisa.

Nayasema haya si kwa kusimuliwa. Mama yangu anaishi karibu na Wundanyi, katika milima ya Taita, ambako ni nadra kuipata njia isiyopanda wala kushuka. Alilima, akachota maji na kwenda kanisani kwa miguu hadi alipotimu umri wa miaka 74. Jioni moja ya msimu wa mvua aliteleza uani akaanguka. Hakuvunjika wala kuteguka. Alichubuka kiwiko tu. Hata hivyo, habari zilipotufikia sisi wanawe tuishio Mombasa na Nairobi, tulishauriana na kukata shauri kwamba Mama alikuwa amefanya kazi ya kutosha maishani. Tulimnunulia kochi pana lenye mito, tukamwajiri msichana wa kumsaidia, na jembe na mtungi tukavipiga marufuku. Majirani walitusifu. Walisema kwamba huyo mama kweli alizaa.

Miezi minane baadaye, Mama hakuweza kuinuka kutoka kwenye kochi hilo bila kushikwa mkono. Hatua zake zilikuwa zimefupika, na alipotembea ndani ya nyumba alishika ukuta. Usiku mmoja, kwa kuchelea kumwamsha msichana, aliinuka peke yake ili aende chooni. Alianguka mlangoni akavunjika nyonga.

Siku ya tatu baada ya upasuaji, alikuja kitandani pake mtaalamu wa tiba ya viungo, kijana mpole asiye na maneno mengi. Aliyapima mapaja ya Mama, kisha akatuuliza alikuwa akifanya kazi gani nyumbani. Dada yangu alijibu kwa fahari kwamba hakuwa akifanya kazi yoyote, kwani tulikuwa tumempumzisha. Kijana yule alinyamaza kidogo, halafu akasema: "Samahani, wakubwa zangu, lakini hapo ndipo alipoanza kuanguka."

Maneno hayo yalituuma, lakini yalikuwa ya kweli.

Tatizo hili ni kubwa kuliko tunavyodhani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufariki duniani kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na kwamba zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za mapato ya chini na ya wastani, kama hii yetu. Miongoni mwa majeraha yasiyokusudiwa, ni ajali za barabarani pekee zinazoua watu wengi zaidi. Wanaoathirika mno ni waliopita umri wa miaka 60. Shirika hilo lilieleza katika ripoti yake ya 2007 kwamba kati ya asilimia 28 na 35 ya watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi huanguka kila mwaka. Humu nchini, sensa ya 2019 ilihesabu takriban watu milioni 2.7 waliotimu miaka 60 na kuendelea. Ikiwa hali yetu yakaribiana na hiyo ya kwingineko, basi wazee wanaoanguka nchini kila mwaka ni mamia ya maelfu. Basi likipinduka barabarani, taifa zima hupata habari. Nyanya akianguka jikoni, habari haivuki ua.

Ni kosa kudhani kwamba mtu huanguka kwa sababu ya uzee tu. Zipo sababu zinazoonekana, na nyingi zaweza kurekebishwa. Macho yaliyofunikwa na mtoto wa jicho hayaoni ngazi. Kisukari cha muda mrefu huzifisha hisia za nyayo, hata mzee asijue amekanyaga nini. Dawa za usingizi, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu, huweza kumtia mtu kizunguzungu anapoinuka kwa ghafla. Fauka ya hayo, kuna choo kilicho nje ya nyumba, njia isiyo na taa, sakafu ya saruji iliyolowa, mkeka uliokunjika ncha na patipati zilizolika soli.

Lakini sababu kuu mno, ambayo aghalabu hatuitazami, ni udhaifu wa miguu na kupungua kwa uwezo wa mwili kujisawazisha. Misuli huanza kupungua tangu umri wa makamo, na isipotumiwa hupungua kwa kasi ya kutisha. Mwaka wa 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi ambapo wazee wenye afya njema walilazwa kitandani kwa siku 10. Katika siku hizo chache walipoteza takriban kilo moja ya nyama ya miguu. Ikiwa siku 10 zaweza kufanya hivyo, seuze miezi minane ya kochi?

Hapa ndipo tiba ya viungo inapohitajika. Wengi wetu tunaidhania tiba hii kuwa ni kukandwa baada ya ajali au kiharusi. Hiyo ni sehemu tu ya kazi yake. Mtaalamu wa fani hii hufunzwa pia kumpima mtu ambaye bado hajaanguka na kumpa mazoezi yatakayomzuia kuanguka. Kipimo kimoja, kilichoelezwa na wataalamu mwaka wa 1991, hakihitaji mashine yoyote. Mzee huketi kwenye kiti cha kawaida, huambiwa asimame, atembee mita 3, ageuke, arudi na kuketi tena. Akichukua sekunde 12 au zaidi, huhesabiwa kwamba yu hatarini kuanguka. Mtu yeyote mwenye kiti na saa aweza kukifanya.

Mazoezi yenyewe nayo si ya ajabu. Mzee hushika meza imara akainuka juu ya vidole vya miguu na kushuka taratibu. Husimama mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole. Huketi na kusimama mara kadhaa, akipunguza kutumia mikono siku baada ya siku. Hutembea kando, kisha kinyumenyume. Kila anapopata nguvu, zoezi huongezwa ugumu, kwa maana mwili usiosumbuliwa kidogo haujifunzi lolote.

Je, mazoezi haya yanafaa kweli? Huko New Zealand, watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago waliwagawa wanawake 233 wenye umri wa miaka 80 na zaidi katika makundi mawili. Kundi moja lilitembelewa nyumbani na mtaalamu wa tiba ya viungo mara 4 katika miezi miwili ya kwanza, akawapa mazoezi ya nguvu na ya kujisawazisha. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1997. Katika muda wa mwaka mmoja, wanawake ambao hawakufunzwa walianguka mara 152, na wale waliofunzwa mara 88. Baadaye, mwaka wa 2019, yalitolewa mapitio ya majaribio 108 ya mazoezi yaliyofanywa katika nchi 25. Ilibainika kwamba mazoezi hupunguza kuanguka kwa asilimia 23, na kwamba yale yanayochanganya kujisawazisha na kuimarisha misuli hupunguza kwa takriban asilimia 34. Lau ingekuwa ni dawa ya vidonge, tungeipanga foleni.

Nawasikia wasomaji wakiuliza: je, wazee wetu wa mashambani hawafanyi mazoezi kila siku kwa jembe? Ni kweli, na ndiyo maana wengi wao wana miguu imara hadi siku tunapowakataza. Lakini hata mkulima hodari huenda asiwe na uwezo wa kujisawazisha gizani, na kuinama siku nzima si sawa na kujifunza kuinuka salama. Wengine watasema kwamba ni hatari kumtaka ajuza asimame kwa mguu mmoja. Naam, ni hatari akiachwa peke yake bila kupimwa wala pa kushika. Kwa sababu hiyo tunahitaji wataalamu, si maneno ya kubahatisha kutoka kwa majirani.

Wapo pia watakaosema kwamba Serikali ina maradhi makubwa zaidi ya kushughulikia. Nawakumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyonga moja ikivunjika, kuna gari la kukodi, picha za eksirei, upasuaji, majuma kitandani, na mtoto wa mgonjwa anayeacha kazi ili amuuguze. Mara nyingi shamba huuzwa. Tuyaweke hayo yote upande mmoja wa mizani, na upande wa pili tuweke ziara chache za mtaalamu. Hakuna haja ya kuwa mhasibu ili kujua upande upi mzito.

Tunao wa kuanzia nao. Sheria ya Wataalamu wa Tiba ya Viungo ilipitishwa mwaka wa 2014, na lipo baraza linalowasajili. La kusikitisha ni kwamba mzee wa kijijini aghalabu hukutana nao hospitalini, baada ya mfupa kuvunjika. Mzee anayetegemea Sh2,000 za mpango wa Inua Jamii kila mwezi hawezi kumlipa mtaalamu wa kibinafsi. Kwa hivyo, serikali za kaunti hazina budi kuwapeleka wataalamu hao katika zahanati kwa siku maalumu, jinsi zinavyofanya kwa chanjo za watoto. Mwaka wa 2023 Serikali iliwapa vifaa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, na hao huingia nyumbani mwetu wakipima shinikizo la damu na kisukari. Wafunzwe pia kile kipimo cha kiti na mita 3, ili wamtambue aliye hatarini na kumwelekeza kwa mtaalamu mapema. Nao madaktari wayapitie upya majina ya dawa anazomeza mzee kila anapofika mbele yao. Makanisa na misikiti, ambako wazee hukutana kila wiki, yaweza kutoa ukumbi na nusu saa.

Lakini kazi iliyo kubwa zaidi ni yetu sisi wana. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinawapa wazee haki ya kushiriki kikamilifu katika shughuli za jamii, ya kuishi kwa heshima, na ya kupata matunzo kutoka kwa familia na Serikali. Sisi tumeyashika matunzo na kuusahau ushiriki. Tunamwambia mzee akae, tumletee maji, tumletee chakula, tumletee hata fimbo yake. Tunadhani tunamheshimu, kumbe tunamnyang'anya miguu kidogo kidogo. Heshima ya kweli ni kumwekea taa kwenye njia ya chooni, kumfungia ubao wa kushika ukutani, kumnunulia viatu vyenye soli na visigino vinavyoshika, kisha kumwachia kazi anayoiweza. Achambue maharagwe, lakini aende mwenyewe kuyachukua. Na akianguka, hata kama hakuumia, tusimfunge kitini, tumpeleke akapimwe.

Mama aliruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na fremu ya kutembelea. Yule kijana alitufunza mazoezi na kutuonya kwamba bila bidii yetu yangekuwa bure. Sasa ni mwaka wa pili. Miguu haikurudi kuwa ile ya awali, na mlima wa kwenda kanisani haupandi tena ila kwa gari. Lakini huinuka mwenyewe, hutembea kwa bakora hadi kwa jirani, na juzi tulimkuta bustanini akipalilia mchicha, hali amejishikilia kwenye ua. Dada yangu alifungua kinywa ili amkemee, kisha akakifunga. Kochi lile tumewaachia wageni.

Mwisho wa mwezi huu, wengi wetu tutakwenda mashambani kuwaona wazazi. Tutawapelekea sukari, majani ya chai na blanketi, na hayo ni mema. Nakusihi, msomaji, uongeze jambo moja. Kabla hujamwambia mzazi wako aketi apumzike, mwombe asimame, atembee hatua chache nawe, uangalie miguu yake.