Jina Ukutani, Mtu Hayupo

Kila mwaka kundi jipya la vijana wetu hutoka vyuoni, kule Muhimbili, Bugando, Dodoma na kwingineko, wakiwa na shahada ya ufamasia. Twawapongeza kwa moyo mweupe, na twawapongeza wazazi waliojinyima ili watoto wao wapate kufika hapo. Lakini pongezi peke yake haimsaidii kijana anayeanza kazi. Leo twapenda kusema naye, na kusema pia na wale watakaompokea, juu ya mtego uliotegwa mlangoni pa kazi yake ya kwanza. Mtego huo wafanyaji wa biashara ya dawa wameuzoea hata wameupa jina: kukodisha cheti.

Yafaa kwanza wasomaji wetu wajue mfamasia ni nani, maana wengi hudhani ni muuza duka aliyevaa koti jeupe. Masomo ya ufamasia yalianza Muhimbili mwaka 1974. Kijana husoma miaka 4 chuoni, akijifunza namna dawa inavyotengenezwa, inavyoingia mwilini, inavyofanya kazi na inavyoweza kudhuru. Kisha hufanya mwaka mzima wa utarajali chini ya macho ya waliomtangulia. Baada ya hayo ndipo Baraza la Famasi humsajili na kumpa ruhusa ya kufanya kazi kwa jina lake mwenyewe. Usione vyaelea, vimeundwa. Jina hilo limegharimu miaka, fedha za wazazi na fedha za wananchi.

Sasa tutazame mtego wenyewe. Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 yataka kila famasi iwe chini ya usimamizi wa mfamasia aliyesajiliwa. Mwenye mtaji asiye na mfamasia hapati kibali. Na kijana aliyemaliza utarajali, akiwa bado anangoja ajira ya Serikali, hana mshahara. Basi wawili hao hukutana. Mwenye duka humwambia kijana: "Nipe cheti chako nikitundike ukutani, nami nitakupa kitu kidogo kila mwisho wa mwezi. Si lazima uje." Kijana hutazama mfuko wake, hutazama kodi ya chumba, hukubali. Tangu siku hiyo jina lake lakaa Kariakoo au Mwanza, na yeye mwenyewe yuko mbali, akitafuta riziki nyingine.

Je, ni nani basi asimamaye kaunta? Pengine ni fundi dawa mwenye ujuzi wake, nasi twamheshimu kwa kadiri ya mafunzo yake. Lakini pengine ni ndugu wa mwenye duka, aliyejifunza majina ya dawa kwa kutazama rangi za paketi. Mgonjwa hana njia ya kujua. Aona cheti ukutani, aona muhuri, aamini. Anatoa fedha zake, anapewa vidonge, anakwenda zake. Hapo ametapeliwa, ijapokuwa dawa aliyopewa yaweza kuwa halali.

Wako watakaosema kwamba twakuza jambo dogo. Dawa imekwisha andikwa juu ya paketi, basi kuna haja gani ya msomi kuikabidhi? Twawajibu kwa mifano.

Dawa mseto ya malaria hutolewa kwa uzito wa mgonjwa. Mtoto wa kilo 5 hadi asiyefika kilo 15 humeza kidonge kimoja kila mara, wa kilo 15 hadi asiyefika 25 humeza viwili, na mtu wa kilo 35 na kuendelea humeza vinne. Dozi ya pili humezwa baada ya muda wa saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zifuatazo. Yafaa imezwe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, ili mwili uipokee vema. Mama akiyajua hayo mtoto hupona. Akikabidhiwa paketi tupu bila neno, atampa mtoto vidonge siku ya kwanza, ataona homa imeshuka, naye ataweka vilivyobaki kwa ajili ya mgonjwa mwingine.

Ichukueni dawa ya oksitosini, ambayo huzuia mama kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Dawa hiyo yataka kuhifadhiwa katika baridi ya digrii 2 hadi 8. Ikiachwa kwenye rafu katika joto la Dar es Salaam, nguvu zake hupungua siku baada ya siku, na chupa haibadiliki rangi wala sura. Mkunga ataichoma akiamini ana silaha mkononi, kumbe ana maji. Aliyepaswa kutazama kipimajoto cha jokofu kila asubuhi na kila jioni ni mfamasia. Cheti cha ukutani hakina macho ya kutazama kipimajoto.

Ichukueni pia doksisiklini, ambayo haifai kupewa mama mjamzito. Dawa hiyo haina mdomo wa kuuliza, "Mama, una mimba?" Swali hilo huulizwa na mtu, na mtu huyo sharti awepo.

Tena kuna hatari iliyo kubwa kuliko duka moja na mgonjwa mmoja. Antibayotiki zinauzwa nusu dozi kama karanga. Mtu ana mafua, anunua vidonge vinne. Mwingine ana kikohozi, anunua sita. Vijidudu visivyouawa hujifunza kustahimili, na siku mtu atakapoihitaji dawa ile kweli, haitamsaidia. Nchi yetu yajua maana ya kupoteza dawa. Klorokwini, iliyowatibu baba zetu, ilishindwa na vimelea vya malaria hata mwaka 2001 Serikali ikaiacha na kushika dawa ya SP. Na mwaka 2006 ikaamuliwa kuiacha SP pia katika tiba ya kawaida na kushika dawa mseto. Kila mara gharama ilipanda. Hazina ya dawa za ulimwengu si kisima kisichokauka, na chovya chovya humaliza buyu la asali.

Hayo tumeyasema ili kijana ajue uzito wa kitu anachoombwa kukikodisha. Wala hatumcheki kwa umaskini wake. Njaa ni njaa, na msomi naye hula. Twajua kwamba nafasi za Serikali hazitoshi kwa wote wanaohitimu, na kwamba kungoja huvunja moyo. Hata hivyo twamwomba apige hesabu yake vizuri. Fedha ya kukodisha cheti ni ndogo, lakini jina analoliweka rehani ni lote. Mgonjwa akidhurika katika duka lile, wakaguzi hawatamwita yule ndugu wa mwenye duka; watasoma jina lililo ukutani, nalo ni lake. Atajiteteaje? Akisema hakuwapo, amejihukumu mwenyewe.

Tena kuna hasara isiyoandikwa katika daftari lolote. Mwaka wa kwanza baada ya usajili ndio mwaka ambao elimu ya kitabu hugeuka kuwa ujuzi. Kijana aliyeutumia mwaka huo mbali na wagonjwa, akila kodi ya jina lake, atakuta elimu yake imeota kutu. Mwenzake aliyesimama kaunta, akiulizwa maswali mia na watu mia, atakuwa amemwacha nyuma kwa mwendo usiofikika.

Ulimwengu una mfano mmoja ambao kila kijana wa kazi hii yampasa aujue. Mwaka 1960, mtaalamu wa elimu ya dawa aitwaye Frances Kelsey alianza kazi katika idara ya Serikali ya Marekani inayosimamia chakula na dawa. Alikuwa mgeni, hana hata miezi miwili kazini, alipokabidhiwa maombi ya kuuza dawa ya usingizi iitwayo thalidomaidi. Dawa hiyo ilikuwa ikiuzwa Ulaya, na kampuni iliyotaka kibali ilimhimiza tena na tena atie sahihi. Alikataa, akasema ushahidi wa usalama wake hautoshi. Mwishoni mwa mwaka 1961 ikafahamika kwamba dawa hiyo, ikimezwa na mama mjamzito, humlemaza mtoto aliye tumboni. Maelfu ya watoto wa nchi nyingine walizaliwa na mikono na miguu iliyodumaa. Marekani iliepukana na sehemu kubwa ya msiba huo. Mwaka 1962 Rais Kennedy alimtunukia nishani. Sahihi ya mtu mmoja, mgeni kazini, iliwalinda watoto kwa sababu mwenyewe aliishika mkononi wala hakuiuza.

Basi twamshauri nini kijana wetu? Twamshauri atafute kazi ambayo yeye mwenyewe atakuwapo, hata kama mshahara ni mdogo na mji ni wa mbali. Afikapo, asijione mkubwa kuliko fundi dawa aliyekaa hapo miaka ishirini. Yule anazijua hati za madaktari wote wa mji ule, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Dawa itakayotangulia kuisha muda aitangulize kutoka. Karatasi ya daktari isiposomeka, asibahatishe. Ampigie daktari na kumwuliza kwa adabu. Mgonjwa ampe dawa pamoja na maelezo, kisha amwombe ayarudie kwa kinywa chake, ili ajue kama ameelewa. Siri ya mgonjwa aitunze kama ya nyumbani kwake. Na mwenye duka akimsukuma auze isivyopasa, ajue kusema "Hapana" bila kugombana, na bila kutetemeka.

Kwa wenye maduka twasema hivi: mkono mtupu haulambwi. Mkitaka mfamasia akae, mlipeni mshahara wa mtu akaaye. Mpeni mkataba ulioandikwa, na saa za kazi zinazojulikana. Wengi wenu mwalalamika kwamba wafamasia hawatulii mahali pamoja, lakini ujira mnaowapa ni wa cheti, si wa mtu. Wala msidhani kwamba mtu huyo ni hasara. Mteja aliyeelezwa dawa yake akapona, hurudi, na huja na jirani yake.

Wala tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba kila kijiji kipate mfamasia mwenye shahada kesho asubuhi. Mwaka 2003, katika Mkoa wa Ruvuma, ulianzishwa mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu, ambao watoa dawa wake hupewa mafunzo na maduka hukaguliwa, na baadaye mpango huo ukaenea mikoa mingine. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, maana ulisema kweli juu ya uwezo wetu: hapa hakuna mfamasia, lakini yupo mtu aliyefundishwa, na dawa anazoruhusiwa kutoa zimeorodheshwa. Tunachokikataa sisi ni uongo wa ukutani, wa duka lisemalo lina mfamasia hali halinaye.

Kwa Baraza la Famasi na Serikali twasema kwa heshima: mkaguzi aingiapo dukani, asitosheke na kusoma karatasi. Aulize mtu yuko wapi. Na hospitali za wilaya na vituo vya afya, ambavyo vina stoo za dawa zisizo na msimamizi wa kutosha, vifunguliwe nafasi kwa vijana hawa kadiri hazina inavyoruhusu. Kuwasomesha kwa miaka 4 kisha kuwaacha mlangoni ni sawa na kulima shamba na kuwaachia nyani mavuno.

Mwisho twawageukia ninyi, ndugu wafanyakazi na wananchi wote, maana dawa hizi ni kwa ajili ya miili yenu na ya watoto wenu. Muwapo kaunta, ulizeni: "Mfamasia yuko?" Swali hilo si ujeuri, ni haki yenu. Akiwapo, mwelezeni dawa nyingine mnazotumia, mwambieni kama mna vidonda vya tumbo, kama mna mimba, kama mtoto ana kilo ngapi. Akikataa kuwauzia antibayotiki bila karatasi ya daktari, msimtukane wala msikimbilie duka la pili. Mshukuruni, kwa sababu amekataa fedha yenu ili kuwalinda. Na mkiambiwa siku zote kwamba mfamasia "ametoka kidogo", basi jueni kwamba hakuwahi kuingia, na toeni taarifa.

Kijana anayeanza leo ana njia mbili mbele yake. Moja humpa fedha kidogo bila jasho, na hofu kila mara simu inapolia. Nyingine humpa jasho, na watu watakaomsalimu sokoni kwa jina lake, wakikumbuka mtoto aliyepona. Twamtakia achague ya pili, na twawataka wazee wake wote, wenye maduka, wakubwa wa kazi na sisi wateja, tusimfanyie njia hiyo kuwa nzito kuliko awezavyo kubeba.