SHINGO YA SANAMU ITENGENEZWE KWANZA



Katika hospitali nyingi kuna mutu wa sanamu aliyelala ndani ya kabati ya chumba cha mafundisho. Urefu wake ni kama wa mutu muzima. Ana uso, shingo na kifua, lakini hana damu wala pumzi. Vilevile katika chumba cha kuzalishia kuna mutoto wa sanamu, ukubwa wake kama wa mutoto aliyezaliwa leo. Wageni wakiwaona wanacheka, na wengine wanaogopa kidogo. Mukristo anaweza kuuliza: "Sanamu ina kazi gani katika nyumba ya wagonjwa?" Jibu ni jepesi. Hii si sanamu ya kuinamia. Ni chombo cha kujifunzia, sawasawa na ubao na chaki. Kwa chombo hiki wanganga, wazalishaji na watu wa kanisa wanajifunza kumurudishia pumzi mutu ambaye pumzi yake imesimama.

Neno langu leo ni hili. Sanamu hii ikichakaa, shingo yake itengenezwe kwanza, mbele ya uso, mbele ya rangi, mbele ya nguo. Na itengenezwe namna ya kwamba iweze kukataa pumzi. Wengine watashangaa kusikia hivi. Sikilizeni sababu yake.

Kazi ya shingo

Mutu akizimia na kulala chali, nyama zote za mwili zinalegea. Ulimi nao unalegea, unaanguka nyuma na kufunga koo, kama mulango unaojifunga kwa uzito wake. Mapafu ni mazima, moyo labda unapiga bado, lakini hewa haina njia. Dakika chache tu zinatosha kuharibu ubongo.

Sasa weka mukono mumoja juu ya paji la uso wake, na vidole viwili vya mukono mwingine chini ya mufupa wa kidevu. Inamisha kichwa nyuma polepole na kuinua kidevu. Ulimi unainuka pamoja na taya, na njia inafunguka. Mara nyingine mugonjwa anaanza kupumua mwenyewe, bila dawa, bila mashini.

Lakini sisi tuna desturi gani? Mutu akianguka, tunakimbia kuleta muto wa kulalia na kuuweka chini ya kichwa chake. Tunafanya kwa upendo. Lakini muto ule unasukuma kidevu kifuani, na koo linafungwa zaidi. Upendo bila ujuzi umemunyima ndugu yetu pumzi.

Hata wanganga wakubwa walichelewa kujua jambo hili. Kwa miaka mingi, zaidi ya 100, watu waliopoteza pumzi majini walisukumwa mugongo au kifua, na mikono yao iliinuliwa na kushushwa, bila kuangalia sana kama koo liko wazi. Katika miaka ya 1950 huko Baltimore, Marekani, munganga Peter Safar alipima jambo hili. Watu waliojitolea walikubali kupewa dawa za kulegeza mwili mpaka hawakuweza kupumua wenyewe, na wengine wakawapulizia hewa kinywani. Ikaonekana wazi kwamba kichwa kikiinamishwa nyuma njia inafunguka, na kwamba pumzi ya kinywa kwa kinywa inashinda zile njia za zamani. Habari hizo ziliandikwa katika majarida ya wanganga mwaka wa 1958.

Ilibaki kufundisha watu wote. Lakini hatuwezi kumulegeza mutu muzima kwa dawa ili wengine wajifunze kwake. Ndipo Asmund Laerdal, fundi wa vitu vya kuchezea watoto katika muji wa Stavanger, Norwe, aliposaidia. Alikuwa akitengeneza watoto wa sanamu wa plastiki laini, na mutoto wake mwenyewe aliponea chupuchupu kufa maji. Mwaka wa 1960 alitoa sanamu yenye ukubwa wa mutu, inayoitwa Resusci Anne. Uso wake ulifuatisha sura ya binti asiyejulikana jina, ambaye inasemwa alikufa katika muto Seine, huko Paris. Watu wengi wanasimulia habari za uso ule. Lakini uso haufundishi neno. Mwalimu ni shingo. Kichwa kisipoinamishwa nyuma, kifua hakiinuki; kikiinamishwa vizuri, kifua kinainuka, na mwanafunzi anaona kwa macho yake kwamba amefungua njia.

Fundi mwema anayeharibu

Kiungo cha shingo ndicho kinachochakaa mbele ya vingine, sababu kila mwanafunzi anakishika. Buloni inalegea, tundu lake linapanuka, kichwa kinaanguka huku na huku. Kisha mutu mwenye moyo mwema anasema, "Nitaitengeneza." Anainamisha kichwa nyuma pahali panapofaa, anapiga musumari au anamwaga gundi, basi. Kichwa hakichezi tena. Kila mutu anayepuliza, hewa inaingia. Wanafunzi wanafurahi, mwalimu anafurahi, na wote wanafaulu.

Mimi nasema sanamu ile imeharibika zaidi kuliko mbele. Imekuwa mwalimu anayesema "ndiyo" kwa kila jibu. Mwanafunzi anapuliza bila kugusa kidevu, na kifua kinainuka. Anarudi nyumbani akifikiri anajua. Siku moja mutumbwi unapinduka ziwani, na wavuvi wanamuleta kijana ufukoni. Shingo ya kijana yule haikupigwa musumari. Yule aliyefaulu mutihani anapuliza, hewa hairudi wala haiingii, na yeye hajui sababu. Nani ataulizwa juu ya kijana huyu? Si mwanafunzi peke yake.

Kwa hiyo shingo nzuri ni ile inayokataa mutu akikosa, na kukubali akifanya sawa.

Namna ya kuitengeneza

Kazi hii haishindi mafundi wetu. Mutu anayejua kutengeneza kinga anaweza kuifanya, na wamama wanaoshona wanaweza kumusaidia. Lakini sanamu zote hazikufanywa namna moja. Kwa hiyo tazameni vizuri kila kitu kinavyokaa mbele ya kufungua, na muandike au muchore.

1. Toeni uso na mufuko wa hewa. Osheni kwa maji na sabuni. Musitumie petroli wala dawa ya kuondoa rangi. Plastiki itayeyuka au kupasuka.

2. Tazameni buloni ya kiungo. Kama imelegea, musiikaze tu, itafunguka tena. Wekeni rondeli mupya, kisha ekru mbili, moja juu ya nyingine, na kuzikaza pamoja. Namna hii hazifunguki upesi.

3. Kama tundu limepanuka, ingizeni ndani yake kipande kifupi cha bomba la chuma kinachoenea sawasawa, ili buloni izunguke katika chuma, isile plastiki. Hapo mumefanya zaidi ya kutengeneza. Mumeiongezea shingo nguvu kuliko ilivyokuwa mupya.

4. Tazameni bomba la hewa linalopita shingoni. Likiwa gumu mno, halitafungika kidevu kikishuka. Likiwa jembamba mno, litagandamana hata kichwa kikiwa sawa. Litafuteni la mupira laini wa kadiri.

5. Musipake mafuta wala vaselini juu ya mupira. Mafuta yanaulegeza na kuuoza.

6. Ngozi ya shingo ikipasuka, shoneni kiraka, lakini kiwe na nafasi. Kiraka kilichobana kinafunga kichwa kama ule musumari.

Kisha ijaribuni, mara tatu. Kwanza, ilazeni chali juu ya meza, musukume kidevu kifuani, na kupuliza. Kifua kisiinuke. Pili, inamisheni kichwa nyuma na kuinua kidevu, kisha mupulize. Kifua kiinuke. Tatu, fanyeni hivi mara 30, kisha muangalie buloni tena. Kama moja ya hizi tatu imeshindikana, sanamu isirudi darasani bado. Na mukumbuke kupangusa kinywa chake kwa dawa ya kuua vijidudu kila mutu anapomaliza, sababu hatutaki kufundisha uzima na kugawanya ugonjwa.

Mutoto wa sanamu

Shingo ya mutoto muchanga inahitaji uangalifu zaidi. Mutoto ana kichwa kikubwa, na kisogo chake kimetokea nyuma. Akilazwa pahali pa sawa, kidevu kinashuka na njia inafungwa. Lakini kichwa kikivutwa nyuma sana, njia inaweza kufungwa vilevile. Kinatakiwa kikae katikati, kimeinuliwa kidogo tu, kama mutu anayenusa harufu. Kitambaa kilichokunjwa chini ya mabega kinasaidia.

Basi, mutoto wa sanamu ambaye shingo yake imejazwa matambara mpaka imekuwa kama kijiti anafundisha uongo. Shingo yake ilegee, kichwa kianguke kama cha mutoto asiyelia. Ndipo mikono ya muzalishaji ijifunze kukiweka pahali pake.

Wamama wa kushona, musiseme kazi hii ni ya Wazungu wenye viwanda. Huko Ufaransa, zaidi ya miaka 200 iliyopita, muzalishaji aliyeitwa Angélique du Coudray alitengeneza sanamu za kufundishia uzazi kwa nguo, ngozi na pamba. Alizunguka nchi kwa miaka mingi akifundisha wanawake wa vijijini. Moja ya sanamu hizo iko hata leo katika nyumba ya kumbukumbu mjini Rouen. Ilishonwa kwa sindano na uzi.

"Tununue mupya"

Wako wanaosema, "Kwa nini kusumbuka? Tungoje wafadhili walete sanamu mupya." Mupya ikija, tutashukuru. Lakini wanawake hawangoji wafadhili ili wazae. Na sanamu mupya ikitumiwa vizuri, shingo yake itachakaa vilevile. Kanisa lisilojifunza kutengeneza litangoja tena na tena.

Wengine wanasema kinyume: "Tuifunge katika kabati, tuitoe mara moja kwa mwaka, isiharibike." Hao ninawaonyesha habari ya hospitali ya Kilutheri ya Haydom, kule Tanzania. Mwaka wa 2010 wafanyakazi wake walifundishwa siku moja kusaidia watoto wachanga wasiopumua, kwa mutoto wa sanamu. Walifanya vizuri mbele ya sanamu, lakini katika chumba cha kuzalishia kazi haikubadilika sana. Kuanzia 2011 wakaanza mazoezi mafupi, mara kwa mara, palepale kazini. Baada ya hayo, watoto waliokufa katika saa 24 za kwanza walipungua. Sanamu ilikuwa ya namna ileile. Iliyozidi ni mazoezi.

Munaona basi? Sanamu inayookoa watu ni ile inayotumiwa, na inayotumiwa inachakaa shingo. Shingo iliyochakaa si haya kwa hospitali. Ni alama kwamba watu wamejifunza. Haya ni kuiacha imelegea, au kuipiga musumari na kuita kazi hiyo matengenezo.

Jambo la kufanya

Ninyi mafundi, siku ya kazi ya kanisa mukija kufyeka majani na kutengeneza paa, muombeni munganga mukuu awaonyeshe sanamu. Leteni funguo zenu za kinga na ekru mbili. Ninyi wamama, leteni sindano. Ninyi wagonjwa munaongoja hapa barazani, na ninyi munaowalinda, mukiitwa kujaribu sanamu, musione haya na musicheke. Shikeni paji la uso, inueni kidevu, angalieni kifua. Kama kifua kimekataa kuinuka, musikasirike na musilaumu chombo. Rudisheni kichwa nyuma kidogo zaidi, inueni kidevu tena, mujaribu.

Ni heri sanamu ikukatalie mara kumi leo, kuliko ndugu yako akukatalie mara moja kesho ufukoni.